Saiti ya pini mbili: upinde mmoja wa windo na wa shabaha

Nina upinde mmoja na nimeshaufunga saiti tatu. Ya kwanza nimempa mpwa wangu. Ya pili iko kabatini, imeviringishwa kwa kitambaa chenye oili. Ya tatu ndiyo iliyo kwenye upinde mpaka leo, mwaka wa pili huu, na ndiyo ninayotaka kuieleza. Lakini siwezi kuieleza peke yake, maana bila zile mbili nisingejua nilikuwa natafuta nini.

Kwa asiyeijua, saiti ya upinde ni kile kidude cha aluminiamu kinachofungwa juu ya mshiko, chenye duara mbele, na ndani ya duara ncha ndogo zinazong'aa. Ncha hizo ndizo pini. Unavuta upinde, unatazama kupitia kitundu kilichofungwa katikati ya upote, unaliweka lile duara ndani ya kitundu kama sahani ndani ya sinia, kisha unaiweka pini pale unapotaka mshale ufike. Maneno machache, lakini mambo yote ya kupata na kukosa yamo humo.

Mimi ni fundi wa magari, gereji yangu iko Shimanzi, Mombasa. Kati ya 2013 na 2019 nilikuwa Limpopo, kaskazini mwa Afrika Kusini, nikitengeneza magari na majenereta ya shamba la wanyama la mtu binafsi. Meneja wa shamba, mzee tuliyemwita Oom, yaani ami kwa Kiafrikana, ndiye aliyenitia upinde mkononi. Hakupenda bunduki ipigwe karibu na mabwawa ya kunyweshea, akisema mlio mmoja unawahamisha wanyama. Nilianza kwa kupiga gunia lililoshindiliwa matambara nyuma ya karakana, nikaishia kuwa mtu asiyepata usingizi usiku wa kuamkia windo. Mpaka leo, kazi ikiruhusu, kila Julai narudi wiki mbili kumtengenezea magari, na ndani ya wiki hizo napewa siku tatu nne za kukaa kibandani, yaani kibanda cha kujificha karibu na bwawa, na kibali cha swala pala mmoja wa nyama.

Nalisema hili wazi kwa sababu hapa Kenya hakuna windo. Serikali ilipiga marufuku mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inaendelea kukataza. Kwa hiyo mtu wa Voi au Kwale asisome haya akadhani namwonyesha njia ya porini. Huku nyumbani napiga shabaha tu, kwenye timbo la mawe la zamani huko Utange ambalo mwenyewe ameniruhusu kulitumia siku za Jumapili asubuhi. Ukuta mrefu wa matumbawe nyuma, mshale hauna pa kukimbilia. Na mara moja moja, mara mbili kwa mwaka nikijaliwa, napanda basi la usiku kwenda Nairobi kushindana na wenzangu.

Sasa, windo na mashindano yanataka vitu viwili visivyopatana. Windo la kibandani ni mita 15 mpaka 30, mwanga mdogo, mnyama anakupa sekunde nne, na mkono wako hautakiwi kugusa kitu zaidi ya upinde. Mashindano ya nje ya kompaundi, upinde wa kisasa wenye puli kwenye ncha kama wangu, kwa kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, ni mita 50 juu ya karatasi ya sentimita 80, mchana kweupe, umbali unaujua tangu jana, na kinachotafutwa ni mshale uingie kwenye kumi, duara la sentimita nane. Mwenye fedha ananunua pinde mbili. Mimi nina mmoja, wa pauni 60, ambazo ndizo mwisho wa nguvu zinazoruhusiwa kwa kompaundi kwenye mashindano hayo, na zinamtosha swala pala bila wasiwasi.

Saiti ya kwanza niliinunua Polokwane mwaka wa 2017 pamoja na upinde wenyewe. Pini tano zisizosogea: yadi 20, 30, 40, 50 na 60. Kwa windo ilikuwa rafiki mwema. Swala akija mita 18, pini ya juu. Akisogea nyuma ya mgunga, ya pili. Huna cha kukumbuka, huna cha kuzungusha. Ukinunua saiti kwa ajili ya windo peke yake, chukua ya pini tatu za namna hii na usisome zaidi.

Tabu ilianza siku ya kwanza nilipoipeleka kwenye mashindano. Mita 50 ni yadi 54 na kitu. Pini zangu zilikuwa 50 na 60. Maana yake nilitakiwa kulenga kwa hewa iliyo katikati ya pini mbili, mishale 72, huku pini nyingine tatu zikining'inia juu kama watu waliosimama mlangoni. Unaweza kulegeza skrubu na kuishusha pini moja hadi mita 50 kamili, nami nilifanya hivyo. Lakini nilipoirudisha mahali pake kabla ya Julai haikurudi sawasawa, nikapoteza Jumapili mbili kuitafuta.

Halafu kuna unene. Pini za saiti ile zilikuwa za inchi 0.019, karibu nusu milimita. Zinaonekana nyembamba mkononi. Lakini pini iko kama sentimita 80 kutoka kwenye jicho, na karatasi iko mita 50. Piga hesabu: nusu milimita pale mbele ya pua inaficha karibu sentimita tatu kule mbali. Duara la kumi ni sentimita nane. Pini ya inchi 0.010 inaficha sentimita moja na nusu tu. Tofauti hiyo hutaiona kwa mnyama wa mita 20, ambako pini nene ni msaada kwa sababu inaonekana gizani. Kwenye karatasi utaiona kila mshale.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuogopa chumvi. Kila milimita moja inayosogea kwenye saiti ni sentimita sita kwenye mita 50. Nilirudi Mombasa mwishoni mwa 2019, nikakaa Tudor, nyumba inayopata upepo wa bahari mchana kutwa, na upinde ukaning'inia ukutani chumbani kama picha. Baada ya miezi minane niliushika na kuona ukungu wa kahawia kuzunguka kila skrubu. Zilikuwa skrubu za chuma cha kawaida ndani ya aluminiamu, na fundi yeyote wa pwani anajua kitakachotokea: chumvi na unyevu vikiingia baina ya metali hizo mbili, zinaanza kulana. Ungaunga mweupe upande wa aluminiamu, kutu upande wa chuma. Niliweka alenki kwenye skrubu ya pini ya tatu, nikageuza taratibu, nikasikia ile hali ambayo mkono wa fundi huijua kabla ya jicho: kona za tundu zinasagika. Pini ya tatu haikusogea tena. Pini ya nne, ambayo skrubu yake ilionekana nzima, ilikuwa imelegea na inacheza. Hiyo ndiyo milimita ninayoisema.

Kwa hiyo ukiwa mtu wa mwambao, swali la kwanza si pini ngapi. Ni skrubu za nini. Uliza kama ni za chuma kisichoshika kutu, na hata zikiwa hivyo zitoe moja moja siku ya kwanza, zipake grisi kidogo kwenye nyuzi, zirudishe. Aluminiamu iwe imepigwa ile rangi ngumu inayoingia ndani ya metali, si rangi ya kupuliza.

Saiti ya pili ilikuwa ya kinyume kabisa: pini moja, nyembamba, kwenye duara linalopanda na kushuka ukizungusha gurudumu pembeni. Juu ya gurudumu kuna tepu yenye namba za umbali. Unapiga kwanza umbali wa karibu na wa mbali, unapata alama mbili, kisha unachagua tepu ambayo namba zake zinalingana na alama zako, unaibandika, na kutoka hapo kila umbali una namba yake. Nilipoipeleka timboni mara ya kwanza nilikaa kimya. Mita 50 ni mita 50. Mita 37 ni mita 37. Ndani ya duara hakuna kitu isipokuwa pini moja na karatasi.

Kwa shabaha, hakuna ubishi, hiyo ndiyo saiti. Ingekuwa nashindana tu ningeishia hapo.

Mwezi wa Julai 2022 nilikuwa Limpopo. Jioni ya kuamkia windo nilipiga mishale kumi nyuma ya kambi, mita 40, nikaridhika, nikafunga upinde kwenye begi. Saa kumi na moja alfajiri tuliingia kibandani, baridi ya kule inauma vidole, na giza la kibandani linakaa hata jua likishatoka. Mnamo saa moja na nusu asubuhi wakaja swala pala saba kunywa maji. Dume mmoja alisimama ubavu, mita 19, kichwa kimeinama. Nilivuta, pini ikatulia nyuma ya bega, nikaachia. Mshale ukapita juu ya mgongo wake. Niliona manyoya ya mshale yakimulika kwenye jua ng'ambo ya maji.

Gurudumu lilikuwa bado kwenye 40. Kwa upinde wangu, pini ya mita 40 juu ya mnyama wa mita 19 inapeleka mshale kama sentimita 30 juu ya ulipolenga. Niliutafuta mshale kwa magoti mpaka nikaupata, nikaukagua kuanzia kigumba hadi unyoya wa mwisho. Ulikuwa mkavu, mchanga tu. Nilimshukuru Mungu papo hapo nikiwa nimepiga magoti. Oom hakunifokea. Alisema, "Na kama angekuwa amesimama mita 30?" Akaniacha nifikirie. Angekuwa mita 30, ningempiga juu, mgongoni, na tungemfuata siku nzima.

Watu wengi wa saiti ya pini moja watakwambia suala ni nidhamu, urudishe gurudumu kwenye 20 kila unapomaliza. Ni kweli. Nami nina nidhamu na niliisahau mara moja, na mara moja inatosha. Kifaa cha windo kisitegemee ukumbuke jambo ulilolifanya jana.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta hii ya tatu. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu ninachokisifu ni aina, na aina hii inatengenezwa na kampuni kadhaa za Marekani zenye sifa nzuri. Utaitambua hivi: duara linasogea kwa gurudumu kama ile ya pini moja, lakini ndani yake kuna mti mmoja wima wenye ncha mbili, moja juu ya nyingine. Binamu yangu anayeishi Minneapolis aliniletea begini alipokuja harusini, Desemba.

Inavyofanya kazi ndiyo raha yake. Gurudumu lina kizuizi cha chini. Ukilizungusha mpaka ligote, uko nyumbani: pini ya juu ni mita 20, ya chini kwangu imeangukia mita 32. Kugota huko unakusikia kwa kidole gumba, huhitaji kutazama, huhitaji mwanga. Kibandani naligotesha, na kutoka mita 10 hadi 35 nina majibu mawili tayari bila kugusa kitu. Mnyama akija 26, pini ya juu kidogo juu ya moyo, ya chini kidogo chini yake, unajua uko kati. Siku ya mashindano nazungusha mpaka 50, nalenga kwa pini ya juu, na ile ya chini inabaki pembeni ya jicho bila kunisumbua. Nilihofia itanisumbua. Baada ya mishale mia mbili hivi jicho liliacha kuiona.

Nilichagua pini za inchi 0.010. Kwa mtu wa miaka 51 hilo lilinitia shaka, kwa kuwa macho ya umri huu hayaoni vizuri kitu kilicho sentimita 80, pini inakuwa na manyoya. Dawa yake haikuwa pini nene, ilikuwa kitundu kidogo zaidi kwenye upote. Tundu likipungua, pini inakazika, kama unavyokunja jicho kusoma namba ya matatu. Lakini kitundu kidogo kinakunyima mwanga alfajiri. Nikabaki na tundu la kati, robo tatu ya lile la windo, na kibandani nasubiri dakika kumi zaidi kabla ya kukubali kuvuta. Hapo nimekubali kupoteza kidogo upande wa windo, na sijutii.

Babu yangu mzaa mama, Mgiriama wa Bamba, angeishangaa biashara yote hii. Uta wake haukuwa na pini wala kitundu. Alituambia watoto tufumbue macho yote mawili, tutazame pale pa kufuma na tusiutazame mshale kabisa. Na jirani zao Wawaata, waliokuwa wakiwinda ndovu kwa pinde nzito na sumu ya msungu kabla na hata baada ya Tsavo kufanywa hifadhi mwaka wa 1948, walijua umbali kwa mwili. Sifananishi. Lakini macho mawili nimeyabakisha: mpaka leo nalenga yote yakiwa wazi, na saiti yenye duara jembamba na mti mmoja wima inaruhusu hilo kuliko ile yenye pini tano zinazotoka pembeni kama meno ya kitana.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi na ambalo kwangu limekuwa na thamani kuliko pini. Chini ya duara kuna kichupa kidogo chenye povu, pima maji, kama ya fundi mwashi. Inakuonyesha kama upinde umesimama wima au umelala upande. Kwenye mita 50 mshale wangu unaanguka takriban mita mbili kutoka mstari ulioondokea, kwa hiyo upinde ukilala digrii moja tu, mshale unahama sentimita tatu na zaidi pembeni. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba pima maji inaweza kusema kweli ukiwa unapiga tambarare na ikadanganya ukipiga kuteremka.

Nililigundua timboni na saiti ya pili. Nilipanda ukingoni, nikapiga chini kwenye gunia. Kipima umbali kilisoma mita 35, mteremko wa digrii 30 hivi. Ukipiga kuteremka namna hiyo hulengi kwa 35, unalenga kwa umbali wa tambarare, ambao hapo ni kama mita 30, na urefu ulitoka sawa kabisa. Lakini mishale sita yote ilikaa kushoto. Povu lilikuwa katikati kila mara. Nilijilaumu mkono, nikabadilisha mshiko, nikarudia. Kushoto. Nikashuka chini, nikapiga tambarare mita 30: katikati. Nikapanda tena: kushoto.

Kosa lilikuwa duara lenyewe. Lilikuwa limepinda kidogo, kama mlango ulioachwa wazi inchi moja, na saiti ile haikuwa na skrubu ya kulirekebisha upande huo. Mafundi wa upinde wanauita mhimili wa tatu. Kwenye tambarare kasoro haionekani. Ukiinamisha upinde, pima maji inakuongoza kulaza upinde huku ikikuhakikishia umesimama.

Saiti hii ya tatu ina skrubu mbili kwa ajili hiyo, na kuirekebisha ni kazi ya nusu saa. Nilitundika timazi kwenye boriti ya baraza, uzi wa mita mbili na jiwe chini. Nikabana upinde kwenye jiliwa niliyoitoa gereji, nikaweka vitambaa usikwaruzwe, nikaulinganisha upote na uzi wa timazi hadi vikawa mstari mmoja. Povu katikati. Kisha nikauinamisha upinde mbele, kama ninayelenga chini ya timbo, nikauweka tena usawa wa uzi. Povu likakimbia kulia. Nikalegeza skrubu, nikagusa duara kwa ncha ya kidole, nikaona povu likirudi polepole mpaka likasimama kati ya mistari miwili. Nikakaza. Jumapili iliyofuata nilipanda ukingoni na mishale sita ikaingia gunia mahali pamoja, hapana ya kushoto.

Ukinunua saiti isiyo na marekebisho ya mhimili wa tatu, hata kama ni nzuri kwa mengine yote, umenunua saiti ya uwanja tambarare. Limpopo ina vilima. Mashindano ya porini yana vilima.

Tepu nazo zinastahili neno. Natumia mishale ya aina mbili: ya windo gramu 29, ya shabaha gramu 23. Nyepesi inakwenda kasi zaidi, kwa hiyo namba zake zinasongamana, na tepu moja haiwezi kuhudumia zote. Hii inaruhusu kubadilisha tepu kwa kuchomoa kipande kidogo, na nina vipande viwili, kimoja nimekiandika W na kingine S kwa kalamu nyeupe. Nairobi, ambayo iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mshale wangu unapiga juu kidogo kuliko Utange, sentimita moja au mbili kwa mita 50. Sibadilishi tepu kwa hilo. Nageuza gurudumu nusu alama baada ya mishale ya majaribio.

Uzito ni hoja halali dhidi yake. Niliipeleka Marikiti kwa mwuza viungo ninayemnunulia iliki, akaiweka kwenye mizani: gramu 440. Ile ya pini tano ilikuwa 210. Tofauti hiyo inauvuta upinde upande wa kulia, na mkono unaijua ukifika mshale wa hamsini. Nililazimika kuongeza uzito mdogo kushoto kuusawazisha. Ukiwa mwindaji wa kutembea milimani siku nzima, hesabu gramu hizo. Mimi nakaa kibandani.

Jua la kwetu pia. Pini hizi zinapata mwanga kwa nyuzi za faiba zilizozungushwa nyuma ya duara, na saa sita mchana Utange nyuzi hizo zinakunywa jua hadi pini inawaka kama taa ya welda, inaota miale, unapoteza ncha. Nimezifunika nusu kwa tepu nyeusi ya umeme. Nikifika Limpopo naibandua. Kuna kitaa kidogo cha betri kinachokuja na saiti. Nimekijaribu, ni kizuri ndani ya kibanda, lakini sehemu nyingine wanakataza kitu chochote cha umeme kwenye upinde wakati wa windo, kwa hiyo uliza kabla ya kukifunga. Zipo hata saiti zinazopima umbali zenyewe kwa miale na kukuwashia pini, Garmin walitoa ya kwao 2018. Sikuifikiria. Bei yake ni ya pikipiki kuukuu, na betri na hewa ya chumvi sivipendi pamoja.

Lenzi ya kukuza nimeiacha pia. Kompaundi inaruhusiwa lenzi mashindanoni, na wanaoshindana kwa dhati wanayo. Lakini lenzi kibandani asubuhi yenye ukungu ni kipofu kingine. Jambo jingine la kanuni: kwenye mashindano ya sanamu za wanyama yapo madaraja ya wawindaji yasiyokubali saiti inayosogea kabisa. Soma kanuni ya daraja lako kabla ya kulipa nauli.

Utunzaji wake hapa mwambao ni huu. Saiti inachomoka kwenye reli yake kwa kulegeza kitasa kimoja, na ikirudi inarudi palepale. Nimehesabu mara nyingi, mshale hauhami. Kwa hiyo haikai ukutani. Nikitoka timboni naipangusa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, naikausha, natia tone la oili kwenye nyuzi za gurudumu, naifungia kwenye kasha la plastiki pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye chupa za dawa. Miezi ya kusi, bahari ikichafuka na hewa ikawa nzito, nabadilisha vifuko kila wiki mbili. Mwaka wa pili, skrubu hazina hata doa.

Bei ni zaidi ya dola 300 huko Marekani, kabla ya kusafirishwa. Ni fedha nyingi kwa mtu wa gereji, niliziweka miezi saba. Nikijumlisha saiti mbili za mwanzo, ningeokoa kama ningeanza hapa.

Mpwa wangu ana miaka 16. Alipomwona Shehzana Anwar, mpiga upinde wa Kenya, kwenye video ya zamani akiibeba bendera yetu Rio 2016, na kusikia kwamba kompaundi nayo itaingia Olimpiki kule Los Angeles 2028, alikuja Shimanzi mbio. Shikamoo mjomba, marahaba, na kabla sijafuta mikono mafuta akaniomba saiti ya pini mbili. Nilimpa ile ya pini tano. Nimeing'oa pini ya tatu iliyokwama, nikabadilisha skrubu zote, nikazitoa pini nyingine nikamwachia moja tu, ya juu.

"Mbona moja, mjomba?"

"Kwa sababu tunaanza mita 18, na mita 18 ina pini moja."

Jumapili iliyopita alipiga mishale 30. Ishirini na miwili iliingia ndani ya sahani niliyoichora kwenye gunia, na alipomaliza alipangusa saiti kwa maji baridi kabla sijamwambia.